Saba Anauza

Alhamisi, 27 Februari

Saruji imeanguka! Asubuhi mia na arobaini, mchana mia na kumi na mbili. Sijawahi kuona hisa ikishuka hivyo tangu nianze kazi hapa, na hapa nilianza nikiwa mapokezi, napokea simu na kuwaonyesha wageni choo kilipo.

Sababu inajulikana. Kiwanda kimetangaza saa tatu kwamba tanuri kubwa limepata ufa, litakarabatiwa miezi mitano, na mwaka huu hakuna gawio. Basi, skrini ya ukutani ikawa nyekundu juu mpaka chini. Simu zote sita zikalia kwa pamoja. Profesa — mchambuzi mkuu wetu, ana shahada mbili na haachi kuzitaja — alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akasema yeye alijua. Alijua! Jana alikuwa anawaambia wateja wanunue.

Mimi nikarudi kwenye daftari langu. Soko likifungwa tunaletewa karatasi ya madalali: nyumba ishirini na mbili za udalali, kila moja na namba yake, imenunua ngapi, imeuza ngapi, kwa miamala mingapi. Wenzangu wanaitazama dakika mbili, inaenda kufungiwa maandazi. Mimi naihamisha yote kwa mkono, mwaka wa tatu sasa. Ndiyo maana wananiita Karani. Waniite tu.

Ijumaa, 28 Februari

Mia na nane. Wameuza wote, kidogo kidogo, namba zote. Hofu ya kawaida. Lifti bado mbovu, ngazi zimenimaliza magoti.

Jumatatu, 3 Machi

Leo kuna jambo. Namba Saba kauza laki tisa peke yake! Saba ni kijiofisi kilichopo juu ya duka la viatu, siku za kawaida hakifikishi hata elfu ishirini. Bei mia na tano.

Profesa aliigonga karatasi kwa kidole: Saba anajua kitu. Wakubwa wa kiwandani wanakimbia kimyakimya, tanuri ni kisingizio, kiwanda kinafungwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kufika saa kumi jengo zima lilikuwa linasema Saba anajua kitu. Hata mlinzi wa getini aliniuliza nikitoka.

Huo ndio ugonjwa wetu sisi watu wa kazi hii. Tunamsema dalali kama jirani. Saba kaogopa, Mbili ana tamaa, Kumi na Nne kanuna. Na mimi nimo. Kumbe dalali haogopi wala hana tamaa, anauza mali ya mtu mwingine na kuchukua kamisheni yake.

Jioni Matroni akapiga simu. Huyu ni mwenyekiti wa mfuko wa akiba wa wauguzi, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Wana hisa milioni mbili za saruji, uzee wa wauguzi wote umekaa humo. Anataka kujua: auze au asiuze? Bosi alimwambia atapata jibu wiki hii hii. Akakata simu, akatugeukia. "Huyo Saba anamuuzia nani? Nileteeni namba, msiniletee hadithi."

Jumanne, 4 Machi

Saba tena. Milioni moja na laki moja! Bei mia na tatu.

Lakini nimeona kitu. Nimeona mimi, si Profesa! Safu ya mwisho ya karatasi, ile ya miamala, ambayo hakuna anayeisoma. Jana Saba kauza laki tisa kwa miamala elfu moja mia tatu na arobaini. Gawanya. Ni kama hisa mia sita na sabini kila mmoja. Dalali Mbili kauza laki mbili kwa miamala minne. Sasa niambie, mkubwa gani wa kiwandani anayekimbia na hisa mia sita?

Nikampelekea Profesa. Akacheka, akasema wakubwa hukatakata vipande ili wasionekane, hayo tulifundishwa mwaka wa kwanza. "Karani, hesabu unazijua. Soko hulijui."

Nilikuwa na hasira mpaka nikasahau mwavuli ofisini. Anaweza kuwa sahihi, hilo ndilo linaloniuma. Vipande vidogo vinaweza kuwa mtu mmoja mjanja au watu elfu moja wasio na ujanja wowote. Karatasi haisemi.

Jumatano, 5 Machi

Saba laki nane. Mia na mbili.

Nilipitia nyumbani kwa wazazi baada ya kazi. Mama anachambua mchele, Baba amekaa kwenye kiti chake, redio mapajani. Baba amefanya kazi kwenye tanuri lile lile miaka thelathini na moja, kastaafu juzijuzi. Nilidhani atazungumzia ufa. Akakohoa kwanza — Baba akitaka kuomba kitu lazima akohoe — akasema, "Hivi mwanangu, hizi hisa zangu, niuze?"

Jamani. Baba ananiuliza mimi! Nyumba hii mwenye kauli ni Kaka. Paa likivuja anaulizwa Kaka, mbuzi akiugua anaulizwa Kaka, na Kaka anauza bima, mbuzi hajui hata ana meno mangapi. Mimi mpaka leo Baba akiulizwa nafanya kazi gani anasema yupo ofisini, anapokea simu.

Nikamuuliza kwa nini sasa, mbona hakuuza wiki iliyopita. Akasema wiki iliyopita asingeweza. Kiwanda kilipowagawia wafanyakazi hisa kiliwakataza kuziuza kwa miaka mitano. Mitano imeisha mwisho wa mwezi wa pili. "Sasa wenzangu wote wanakimbilia kule juu ya duka la viatu. Si ndio waliokuja getini na meza yao, wakatufungulia akaunti wote?"

Nilisimama. Mama aliuliza kama nimeumwa na siafu. Nilimbusu Baba kwenye upara, akashangaa, akasema hata hujanijibu.

Saba ni wao! Wazee wa tanuri, wafunga mifuko, madereva wa malori. Hawajui siri yoyote. Wamefunguliwa mlango siku zile zile walizosikia nyumba inaungua.

Alhamisi, 6 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa ofisini na mfagizi tu. Nikautafuta kabatini ule waraka wa toleo la hisa wa miaka mitano iliyopita. Vumbi! Ukurasa wa arobaini na saba, maandishi ya sisimizi: hisa za wafanyakazi milioni sita, haziuziki miaka mitano. Zimeandikwa hapo, wazi, kwa yeyote mwenye macho. Hakuna aliyefungua.

Kikao cha asubuhi nilisimama. Sijawahi kusimama, huwa nakaa kile kiti cha karibu na mashine ya kuchapa. Nikasema Saba hajui kitu. Nikaonyesha miamala, nikaonyesha waraka, nikaonyesha hesabu: milioni sita jumla, Jumatatu mpaka jana zimetoka milioni mbili na laki nane. Zimebaki milioni tatu na laki mbili. Kwa mwendo huu, Jumanne ijayo Saba atakauka. Akikauka, hakuna tena mzigo wa kuisukuma bei chini. Wauguzi wasiuze.

Profesa akaanza, "Lakini nadharia—" Bosi akamnyamazisha kwa kiganja. Akaniuliza nina uhakika gani. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Subirini Jumanne." Sijui ujasiri huo ulitoka wapi.

Bosi kasema nimpigie Matroni mwenyewe. Nikampigia! Sauti haikutetemeka, au ilitetemeka kidogo mwanzoni. Akasema atasubiri hadi Jumanne, si zaidi.

Kisha nikampigia Baba. Usiuze, Baba. Wenye haraka wakimaliza kuuza, bei itapumua. Akauliza, "Hayo umeyaona wewe mwenyewe?" Mimi mwenyewe, Baba. Akasema, "Haya." Sauti yake ilikuwa nzito. Najivunia, nasema wazi, hapa hakuna anayesoma.

Leo Saba laki tisa. Sawasawa na hesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Saba laki sita. Bei mia na moja. Nimeng'ata kucha zote za mkono wa kushoto. Profesa anapita mezani kwangu anapiga mluzi.

Jumatatu, 10 Machi

Elfu sitini! Saba kauza elfu sitini tu! Siku moja kabla ya siku niliyosema! Karatasi ilipotoka kwenye mashine niliisoma mara tatu, nikadhani sifuri imekatika. Bei imegeuka, mia na nne.

Bosi alitoka chumbani kwake, akaja mpaka mezani kwangu, akanipa mkono mbele ya watu. Profesa alininunulia soda. Aliiweka mezani bila neno, na mimi nikainywa bila neno, taratibu, mpaka tone la mwisho. Tamu kuliko soda zote nilizowahi kunywa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Miaka mitatu ya kunakili karatasi ambazo wenzangu wanafungia maandazi!

Jumanne, 11 Machi

Elfu kumi na moja. Bei mia na tisa! Saba kakauka kama nilivyosema na siku niliyosema.

Nimehamishwa kiti. Sasa nakaa meza ndefu, upande wa dirisha, mkono wa kulia wa bosi. Mashine ya kuchapa naisikia kwa mbali.

Matroni kapiga tena. Halmashauri ya mfuko inakutana Alhamisi. Hawauzi. Isitoshe, wanafikiria kuongeza, wanunue laki tano wakati bado ni rahisi. Anataka nije mwenyewe niwaeleze wajumbe. "Uje wewe, binti, si yule mwenye shahada." Nilimsimulia Mama kwa simu, akacheka, akasema nisivimbe kichwa, mlango wa jikoni kwake ni mwembamba.

Nimenunua blauzi.

Jumatano, 12 Machi

Soko lilipofungwa nilikuwa naandaa maelezo ya kesho. Nikajumlisha safu ya Saba ili niwe na namba kamili mkononi, bosi anapenda namba. Laki tisa, milioni moja na laki moja, laki nane, laki tisa, laki sita, zile elfu sitini, elfu kumi na moja, na leo elfu tisa.

Milioni nne, laki tatu na elfu themanini.

Nikajumlisha tena. Ile ile. Milioni sita zilifunguliwa. Milioni moja na laki sita na ushei ziko wapi?

Na nilikuwa nayo Jumatatu! Safu ilikuwa mbele yangu nilipokuwa nakunywa soda ya Profesa. Sikujumlisha. Mimi, Karani! Nilisema mzigo ukiisha Saba atakauka, basi Saba alipokauka nikajua mzigo umeisha. Nyani haoni kundule.

Nikajituliza. Labda wengine hawana shida, wameamua kukaa nazo tu. Nikampigia Baba, yeye atajua. Kulikuwa na kelele nyuma yake, watu wengi.

"Tupo chamani!" Chama cha wastaafu wa kiwanda, kile chumba chao cha karibu na geti. "Ngoja nikuweke kwenye spika, wanataka kukusikia."

Baba, subiri—

"Huyu ndiye binti yangu! Ndiye aliyesema tusiuze!" Wakapiga makofi. Wazee wanapiga makofi kwenye simu! Mmoja akasema Mungu akuweke, mwanetu, ningeuza kwa mia na moja, leo ni mia na kumi na moja. Mwingine akauliza tusubiri mpaka ngapi? Mia na ishirini? Mia na thelathini?

Nikamuuliza Baba aliwaambia lini. Jumamosi, akasema. Alisimama mkutanoni. Baba, ambaye kwenye harusi ya Kaka alikataa kushika kipaza sauti! Alisimama akasema binti yangu ni mchambuzi wa soko la hisa, ameona mwenyewe, amesema tusiuze. Mtu akarekodi. Rekodi ikaenda kwenye simu za wafanyakazi wote, zamu ya mchana na ya usiku. "Tangu Jumatatu hakuna aliyekwenda kule kwenye viatu, labda wenye wagonjwa. Wote wanasubiri useme."

Nitasema ukweli kwa kuwa huku hakuna mtu. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa fahari. Nilivimba nikajaa ile blauzi mpya. Mchambuzi, alisema. Hakusema anapokea simu.

Kisha nikaitazama tena ile jumla, fahari ikaniisha.

Kwa sababu Saba hakukauka. Saba nimemfunga mimi. Hisa milioni moja na laki sita hazijauzwa wala hazijaacha kutaka kuuzwa. Zimekaa kwenye viti chamani zinasubiri neno langu, na neno lenyewe nililisema kwa kuhesabu kwamba zitakuwa zimeshauzwa. Bei imepanda kwa sababu yangu, na mimi nikaitazama inavyopanda nikasema mnaona, nilikuwa sahihi.

Ningewaambia nini kwenye spika? "Vipi, binti yetu, tuuze lini?" Nikasema nitawajibu, nipo kazini. Wakapiga makofi tena.

Nikaenda kwa bosi. Nilimweleza yote, nimesimama, mlango nimeufunga. Alisikiliza huku anakuna kidevu. Akasema sijavunja sheria, waraka ni wa wote na baba ni baba. Akasema kesho nieleze yale yale ya Alhamisi iliyopita. "Usiloulizwa usilijibu." Bosi wa nileteeni namba! Nikamuuliza, na wakiniuliza? Akasema wauguzi hawajui kuuliza hilo.

Nilirudi kwenye kiti changu cha dirishani. Profesa akaniuliza kama naumwa. Aliuliza kwa upole kabisa, na hilo lilinichoma zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nyuma ya karatasi ya ajenda, nitaibandika daftarini baadaye. Ukumbi wa mafunzo wa hospitali. Viti vya plastiki, mifupa ya plastiki imening'inizwa kwenye kona, harufu ya dawa ya sakafu. Wajumbe kumi na watatu, tisa wamevaa sare, wawili wametoka zamu sasa hivi, mmoja anasinzia na kalamu mkononi. Bosi yuko kushoto kwangu. Ajenda ya kwanza, kumbukumbu za mkutano uliopita. Ajenda ya pili, bima. Ajenda ya tatu, mimi.

Nimepiga hesabu njia nzima. Nikisema kuna milioni moja na laki sita zinangoja mlangoni, hawa hawanunui. Wanaweza hata kuuza zao. Bei inarudi mia, au chini ya mia, na wale wazee wanabaki nazo mikononi kwa sababu walimwamini binti wa mwenzao. Nisiposema, hawa wananunua laki tano, wazee wanawauzia hawa hawa, na kesho kutwa huyu dada anayesinzia ndiye atakayebaki na hasara. Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta.

Baba katuma ujumbe saa mbili. Anaandika kwa herufi kubwa zote, hajui kuzipunguza. WENZANGU WANAKUSALIMU. NIMEWAAMBIA LEO UNAONGEA NA WAKUBWA. NIMEVAA TAI. Amevaa tai, na amekaa chamani, karibu na geti la kiwanda, anasubiri simu.

Najua yule mwenye kuuliza ni nani. Siyo Matroni. Ni muuguzi wa mwisho pale, mnene, miwani imefungwa kwa plasta. Tangu tuingie anasoma muhtasari wetu na kidole chake kinatembea kwenye safu ya mwisho. Safu ya miamala! Amefika chini, amerudi juu. Sasa ametoa kalamu, anajumlisha mauzo ya Saba pembeni mwa karatasi, midomo inacheza. Anafanya nilichokuwa nafanya kila siku kwa miaka mitatu. Nimempenda na nimemuogopa.

Bima imekwisha. Bosi ananigusa kiwiko, ananong'ona fupi, fupi tu.

Matroni amesimama. Anasema huyu ndiye aliyetuzuia tusiuze, na mpaka leo hajatukosesha. Wanapiga makofi, hata yule aliyesinzia. Yule wa miwani hapigi, ameinua mkono juu, anasubiri. Matroni analitaja jina langu lote, na la Baba mwishoni, kwa sauti, ukumbi mzima unasikia —